Harufu ya Choo cha Paka: Mwongozo Kamili kwa Nyumba Yenye Watoto wa Paka Kadhaa

Karibu kila mtu anayeniuliza kuhusu jambo hili ameshajaribu mambo yale yale matatu. Amepuliza manukato chumba kizima, amenunua mchanga wenye harufu ya maua, kisha amelificha beseni la choo kwenye kona ambayo mgeni hawezi kuiona. Siku mbili baadaye harufu imerudi, na safari hii kuna paka mdogo mmoja aliyeanza kukojoa nyuma ya kochi.

Mkojo wa paka ukiwa mbichi haunuki sana. Ndani yake kuna urea, na bakteria walioko kwenye mchanga na kwenye plastiki ndio wanaoigeuza kuwa amonia, ile harufu inayochoma pua na kuwasha macho. Kazi hiyo huwachukua muda. Mkojo ukiondolewa mapema, amonia haipati nafasi ya kuzaliwa, na hakuna manukato yanayoweza kuifanya kazi hiyo badala yako. Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni njia za kuupunguza muda ambao mkojo hukaa kabla ya kuondolewa.

Hatua hizi zinawahusu paka wa umri wa wiki 4 hadi miezi 6 hivi. Walio chini ya wiki 4 hulambwa na mama yao ili wapate haja, naye huwasafisha mwenyewe. Kama wachanga hao hawana mama, utawapangusa wewe kwa kitambaa laini chenye maji ya uvuguvugu kila baada ya kuwalisha.

Neno "mchanga" hapa ni chochote unachoweka ndani ya beseni, hata kama ni punje za mbao au za karatasi.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

- Mabeseni mapana yenye ukingo mfupi, pamoja na moja la akiba
- Punje za mbao zilizoshindiliwa, au punje za karatasi, zisizo na manukato
- Koleo dogo lenye matundu, na lingine lisilo na matundu
- Ndoo yenye mfuniko unaobana, na mifuko ya kufunga taka
- Glavu
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, isiyo na harufu kali
- Kisafishio chenye vimeng'enya (enzaimu), kile kinachotengenezwa kwa ajili ya mkojo wa wanyama
- Bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia keki
- Tochi ya mwanga wa urujuanimno (UV), kama unaweza kuipata

Kuna vitu vya kuviacha kabisa. Dawa za kuua vijidudu ambazo ukizitia kwenye maji yanageuka meupe kama maziwa mara nyingi zina fenoli, na ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja. Mafuta ya mimea yenye harufu, kama ya mkaratusi, ya machungwa au ya mti-chai, nayo humdhuru. Paka hukanyaga dawa hizo kisha hujilamba miguu, na kwa mnyama wa nusu kilo dozi ndogo tu inatosha kumwumiza.

## Hatua ya 1: Tambua unanusa nini

Pua yako imeshazoea. Toka nje ya nyumba kwa dakika kumi na tano au zaidi, kisha rudi ndani na uzunguke polepole, ukiinama hadi usawa wa paka.

Harufu inayochoma pua ni amonia, na dawa yake iko katika hatua ya 2 hadi ya 5. Uvundo mzito, mchachu, unaojaza chumba dakika chache tu baada ya mmoja wao kujisaidia, unatoka tumboni, kwa hiyo ruka hadi hatua ya 6 leo leo. Na kama mabeseni ni safi ila chumba bado kinanuka, kuna mkojo uliofichika mahali, na hatua ya 7 ndiyo yako.

Nyumba nyingi zina zaidi ya moja. Hapo ndipo watu wanapokwama: wanasafisha mabeseni vizuri sana, wakati tatizo liko chini ya zulia.

## Hatua ya 2: Ongeza mabeseni, na uyatawanye

Kanuni inayotumiwa na madaktari wengi wa wanyama ni beseni moja kwa kila paka, kisha uongeze moja. Kwa watoto sita hayo ni mabeseni saba, na najua nyumba nyingi hazina nafasi hiyo. Kwa ndugu wa uzao mmoja walio chini ya miezi mitatu, nimeona beseni moja kwa kila paka wawili, na moja la ziada, likitosha. Sharti ni uondoe uchafu mara tatu kwa siku. Kama hutaweza mara tatu, rudi kwenye kanuni kamili.

Mahali pa kuyaweka pana uzito kuliko idadi. Mabeseni matatu yaliyopangwa safu moja, kwa paka, ni choo kimoja kikubwa. Mtoto wa paka ana kibofu kidogo, hukumbuka haja yake dakika ya mwisho, na hawezi kuvuka nyumba nzima akiwa amebanwa. Weka angalau moja katika kila chumba wanachochezea, mbali na chakula na maji yao, na mbali na mashine inayonguruma.

Ukingo wa kuingilia uwe wa sentimita 5 hadi 7. Ukiwa mrefu, walio wadogo zaidi watakata tamaa na kujisaidia pembeni.

Tahadhari: usitumie mabeseni yenye paa. Yanampendeza mwenye nyumba kwa sababu harufu inabaki ndani, lakini ndani humo ndimo pua ya paka inamoingia. Mnyama mwenye pua kali mara nyingi kuliko yako hatavumilia.

Ukifanikiwa: jioni utaona dalili za matumizi katika kila beseni, na hakuna hata moja lililolowa kuliko mengine yote.

## Hatua ya 3: Chagua mchanga kwa kufuata umri wao

Paka wadogo huonja kila kitu, na mchanga ni kati ya vitu vya kwanza wanavyoonja. Ndiyo maana ule unaoganda mabonge, uliotengenezwa kwa udongo wa bentonaiti, hauwafai. Udongo huo hufura unapolowa, na ukimezwa unaweza kuziba utumbo. Subiri hadi wafike miezi minne hivi, na uwe na hakika hawatafuni tena mchanga.

Kwa umri huu napendekeza punje za mbao. Zikilowa hufura na kusambaratika kuwa unga, na mbao yenyewe husaidia kuzuia harufu. Mwaga kina cha sentimita 2 hadi 3 tu. Watu humwaga nyingi wakidhani zitameza harufu zaidi, lakini wanachopata ni unga uliolowa uliofukiwa chini ya punje kavu, mahali ambapo koleo halifiki.

Kuna mbinu rahisi inayopunguza kazi karibu nusu. Chukua mabeseni mawili yanayopachikana. Toboa la juu matundu ambayo unga unaweza kupita lakini punje nzima haiwezi, kisha uyasugue matundu kwa msasa mpaka yasiwe na ncha zinazokwaruza miguu. Ukilitikisa beseni la juu, unga wenye mkojo unaangukia la chini, nawe unalimwaga la chini peke yake.

Punje za karatasi ni laini zaidi, na zinawafaa walio wachanga sana au waliotoka kufanyiwa upasuaji, ila hazizuii harufu vizuri kama mbao. Maranda ya kawaida hunaswa kwenye manyoya. Mchanga wa ujenzi hauhifadhi mkojo hata kidogo. Mkojo unapita moja kwa moja hadi chini ya beseni na kutuama hapo.

Epuka manukato. Nilipokuwa na watoto watano wa uzao mmoja, nilinunua mchanga wenye harufu ya maua nikiamini nawatendea mema. Siku ya tatu wawili wao walikuwa wameuhama na kuchagua kapu la nguo safi. Niliporudisha punje zisizo na harufu walirudi wenyewe, lakini kapu lile sikuweza kulitumia tena.

Tahadhari: usibadilishe aina ya mchanga ghafla. Changanya kidogo kidogo kwa siku saba hadi kumi.

## Hatua ya 4: Ondoa uchafu kwa kufuata saa za chakula

Ukiwa na nguvu za hatua moja tu kati ya hizi zote, iwe hii.

Chakula kinapoingia tumboni, utumbo mpana huamka. Mtoto wa paka mara nyingi hujisaidia muda mfupi baada ya kula. Kwa hiyo acha kuwawekea chakula siku nzima, na uwalishe kwa saa maalumu: mara nne kwa siku kwa walio chini ya miezi mitatu hivi, kisha mara tatu. Pita kwenye mabeseni nusu saa hivi baada ya kila mlo. Utakuta sehemu kubwa ya kinyesi cha siku hiyo ikikungoja, na kazi itakuchukua dakika tano badala ya nusu saa ya jioni yenye uvundo. Anayeshinda kazini apite baada ya mlo wa asubuhi, anaporudi, na kabla ya kulala.

Utaratibu wa kila mzunguko ni huu:

1. Vaa glavu. Ondoa kinyesi chote kwa koleo lenye matundu.
2. Tikisa beseni ili unga ushuke. Kama hutumii mabeseni ya kupachika, chota sehemu iliyolowa kwa koleo lisilo na matundu, hadi ukione kitako cha beseni.
3. Tia kila kitu kwenye mfuko, ufunge, uweke ndani ya ndoo yenye mfuniko. Ndoo itoke nje kila siku.
4. Jazia punje kavu kufidia ulichotoa.
5. Nawa mikono kwa sabuni, hata kama ulivaa glavu.

Usimwage mchanga wala kinyesi cha paka kwenye choo cha maji. Punje hufura na kuziba bomba.

Kuna sababu ya kiafya pia. Kimelea cha toksoplazma kinachoweza kutoka na kinyesi cha paka huhitaji siku 1 hadi 5 nje ya mwili kabla hakijaweza kuambukiza. Kinyesi kinachoondolewa kila siku hakifiki huko. Hata hivyo, mama mjamzito na mtu mwenye kinga dhaifu wamwachie mwingine kazi hii. Kama hakuna mwingine, wavae glavu na wasiruke hata siku moja.

Ukifanikiwa: siku ya nne au ya tano utaingia ndani kutoka nje na pua haitachoma. Usitarajie hilo siku ya kwanza, kwa sababu bakteria waliokwisha kujijenga kwenye plastiki bado wapo. Hao ni wa hatua inayofuata.

## Hatua ya 5: Osha beseni lenyewe

Kwa watoto kadhaa wanaotumia punje za mbao au karatasi, mwaga mchanga wote kila siku mbili au tatu, na uoshe beseni angalau mara moja kwa wiki. Likioshwa kila unapolimwaga, ni bora zaidi.

Tumia maji ya moto na sabuni, usugue pembe zote, suuza hadi harufu ya sabuni iishe, kisha lianike juani likauke kabisa. Ukirudisha punje kwenye beseni lenye unyevu umewapa bakteria mwanzo mzuri. Beseni la akiba linachukua nafasi wakati lingine liko juani.

Tahadhari kubwa: usimwage jiki wala dawa yoyote ya klorini kwenye beseni lenye mkojo. Klorini ikikutana na amonia hutoa gesi ya kloramini, inayoumiza mapafu yako na ya paka. Jiki na siki pia visikutane kamwe, maana hutoa gesi ya klorini. Siki na bikaboneti havina hatari vikichanganywa, ila huuana nguvu na kukuachia maji ya chumvi yasiyosaidia kitu.

Beseni likishakauka unaweza kunyunyiza bikaboneti kidogo, safu nyembamba chini kabisa, kisha ufunike kwa punje. Fanya hivyo ikiwa tu watoto wako hawali mchanga, kwa sababu bikaboneti nyingi ikimezwa inadhuru.

Likagueni beseni kwa vidole kila mwezi, wewe na kila anayesaidia kazi hii. Mikwaruzo ya kucha huficha mkojo mahali ambapo brashi haifiki. Beseni lililooshwa na kukauka likiwa bado linanuka limefika mwisho wake.

## Hatua ya 6: Chunguza tumbo

Kinyesi cha mtoto wa paka mwenye afya ni cha kahawia, kimeshikana, na harufu yake hupungua akishakifukia. Kikiwa laini kama uji, kina utelezi, au kinanuka chumba kizima hata baada ya kufukiwa, mabeseni hata kumi hayatakusaidia.

Sababu za kawaida ni minyoo, vimelea wadogo kama koksidia na giadia, chakula kilichobadilishwa ghafla, na maziwa ya ng'ombe. Maziwa yaondoe leo. Paka wengi wanapoachishwa kunyonya hupoteza uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa, na matokeo yake ni kuhara.

Dawa ya minyoo kwa kawaida huanza wiki ya pili au ya tatu, hurudiwa kila wiki mbili hadi wiki ya nane hivi, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Kipimo hufuata uzito, kwa hiyo daktari wa wanyama ndiye akupimie. Minyoo ikiisha na kuhara kukaendelea, peleka kinyesi kibichi kikapimwe. Ukiwa na wanyama wengi pamoja, taja Tritrichomonas foetus, kwa sababu kimelea huyo hupendelea paka wadogo wanaoishi kwa kundi na vipimo vya kawaida vinaweza kumkosa.

Ugumu wa nyumba yenye watoto wengi ni kujua nani mgonjwa. Walaze usiku wawili wawili, kila jozi na beseni lake. Ukishaijua jozi yenye tatizo, watenganishe hao wawili usiku unaofuata.

Chakula kipya kiingizwe kwa siku saba: robo kwanza, kisha nusu, kisha robo tatu.

Tahadhari: mtoto wa paka anayehara na kukataa kula, au anayelegea, anayetapika, au mwenye damu kwenye kinyesi, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Mwili mdogo hukaukiwa maji haraka sana.

## Hatua ya 7: Tafuta mkojo uliofichika

Subiri usiku, zima taa, umulike kwa tochi ya urujuanimno chini ya makochi, kwenye pembe, nyuma ya milango na kwenye mapazia. Mkojo uliokauka hung'aa kwa rangi ya manjano au kijani hafifu. Vitu vingine, hata sabuni, hung'aa pia, kwa hiyo thibitisha kwa pua. Weka chaki au kipande cha karatasi kila unapoona, maana ukiwasha taa hutapaona tena.

Maji na sabuni havitoshi hapa. Mkojo huacha fuwele za asidi ya uriki ambazo haziyeyuki kirahisi kwenye maji, na siku yenye unyevu harufu yake hufufuka. Vimeng'enya ndivyo vinavyozivunja.

Kama mkojo bado mbichi, kandamiza kwa kitambaa kikavu bila kusugua. Kisha mwaga kisafishio cha vimeng'enya kiasi cha kufika kote mkojo ulikofika, pamoja na sifongo iliyo chini ya zulia. Kiache kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, kikauke chenyewe. Wengi hupangusa baada ya dakika mbili, halafu husema dawa haifanyi kazi. Siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu hupunguza harufu kwa dharura, lakini fuwele zinabaki.

Pakishakauka, weka beseni mahali pale pale. Watoto wakilizoea, lisogeze kidogo kila siku kuelekea unakotaka liwe.

Tahadhari: usimpige wala kumsugua pua kwenye mkojo. Anachojifunza ni kujificha anapojisaidia, na wewe ndiye utakayetafuta tena kwa tochi. Na kama kuna anayechuchumaa mara kwa mara bila mkojo kutoka, hasa dume, mkimbize kwa daktari. Njia ya mkojo iliyoziba inaua ndani ya siku chache.

## Hatua ya 8: Hewa

Fungua dirisha lenye wavu imara, au washa feni inayovuta hewa kutoka chumbani kwenda nje. Feni isilipulize beseni, itasambaza vumbi na harufu. Mkaa maalumu wa kunyonya harufu unaweza kuning'inizwa ndani ya mfuko wa kitambaa, mahali wasipoweza kuufikia. Basi. Hatua hii huonekana kubwa madukani, lakini bila zilizotangulia haina kazi.

## Hatua ya 9: Jipange kabla hawajabalehe

Dume anapobalehe, mkojo wake hubeba kwa wingi felinini, kemikali yenye salfa inayopanda pamoja na homoni za kiume. Ikivunjika hutoa ile harufu kali isiyofanana na ya mtoto wa paka, naye huanza kurusha mkojo ukutani kuweka mipaka. Jike anaweza kupata mimba akiwa na miezi 4 tu. Panga na daktari mapema ili madume wahasiwe na majike wafungwe kizazi kabla ya miezi 5. Tabia ya kurusha mkojo ikishaota mizizi, upasuaji wa baadaye hauiondoi kwa kila paka.

Kipindi hicho ndicho pia cha kubadilisha mabeseni. La paka mkubwa liwe na urefu wa mara moja na nusu ya mwili wake, bila kuhesabu mkia. Ukitaka kuhamia mchanga unaoganda, mwaga kina cha sentimita 5 hadi 7, na uanze na beseni moja tu. Mengine yaache na punje walizozizoea, na ubadilishe moja baada ya jingine. La mwisho lenye punje liondoe pale utakapolikuta kavu siku tatu mfululizo.